Mbwa Amekula Chokoleti: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kukimbilia Maziwa

Shemeji yangu alirudi Mombasa kutoka Doha, na kama ilivyo desturi ya wanaorudi kutoka Ghuba, nusu ya sanduku lake ilikuwa chokoleti. Sanduku likafunguliwa sebuleni, watoto wakagawiwa, majirani wakaja kumsalimu. Ilipofika saa nne usiku tukatoka sote kumsindikiza mgeni wa mwisho hadi langoni, na mlango wa nyuma ukabaki wazi. Simba, mbwa wetu wa ulinzi ambaye kwa miaka sita hakuwahi kuvuka kizingiti cha sebule, aliuvuka usiku huo. Tuliporudi tulikuta karatasi za dhahabu zimetapakaa zuliani, naye yuko uani amejilaza, ametulia, anajilamba midomo.

Kila mtu akawa na dawa yake. Mama mkwe akasema, "Mpeni maziwa, maziwa hukata sumu." Jirani akataka tumnyweshe maji ya chumvi atapike. Kijana mmoja akauliza, kwani chokoleti imekuwa sumu lini, si sisi wenyewe tumeila sasa hivi? Nami nikaingia jikoni, nikamimina nusu lita ya maziwa kwenye bakuli, nikampelekea. Aliyanywa yote. Tukakaa dakika arobaini tukimtazama na kuambiana kwamba hana neno, hadi moyo uliponisukuma nimpigie simu daktari wa mifugo. Daktari hakunipa dawa yoyote. Aliuliza maswali manne: mbwa ana kilo ngapi, chokoleti ni nyeusi au ya maziwa, amekula gramu ngapi, na ameila saa ngapi.

Sikuweza kulijibu vizuri hata moja. Tangu usiku ule nimesoma, nimeuliza na kupiga hesabu, kwa sababu katika maswali yale manne ndimo lilimo jambo zima. Kusema tu kwamba chokoleti ni sumu kwa mbwa hakutoshi. Kipande kile kile kinaweza kumpita mbwa mmoja bila dalili na kumuua mwingine, na mwenye mbwa akijua kwa nini, hatapoteza muda kama nilioupoteza mimi.

Kilichomo ndani ya kakao

Chokoleti hutokana na mbegu za mkakao, mti wenye asili ya Amerika ya Kusini ambao leo hulimwa hata kwa majirani zetu, Kyela nchini Tanzania na Bundibugyo nchini Uganda. Mwaka 1753 Linnaeus aliupa mti huu jina la kisayansi la Theobroma, yaani chakula cha miungu. Mwaka 1841 mkemia Mrusi Alexander Woskresensky akatenga kutoka kwenye mbegu zake kemikali chungu iliyokuja kuitwa theobromini. Ni ndugu wa karibu wa kafeini ya kahawa na chai. Zote mbili zimo katika chokoleti, lakini theobromini huwa nyingi mara kadhaa kuliko kafeini, na ndiyo inayomsumbua mbwa zaidi.

Mwilini mwa mbwa, na mwetu pia, kuna kemikali iitwayo adenosini. Kazi yake moja ni kutuliza: huuambia ubongo upumzike na moyo upunguze kasi. Theobromini hukalia mahali pale pale ambapo adenosini ilipaswa kukaa, ujumbe wa kutulia usifike. Vilevile huongeza kalsiamu ndani ya seli za misuli, ukiwemo msuli wa moyo, na kuchochea homoni za mshtuko. Mbwa hubaki na moyo unaokwenda mbio, misuli inayotetemeka na ubongo usiopumzika, mfano wa gari lililokatika breki kwenye mteremko.

Mbona basi mtoto amekula kipande kizima na sasa analala fofofo? Jibu liko kwenye ini. Ini la mtu huvunja theobromini haraka, kiasi kwamba nusu ya aliyokula huwa imeondoka ndani ya saa 6 hadi 10. Kwa mbwa, nusu hiyo huchukua kama saa 17 na nusu. Chukua mbwa mwenye miligramu 1,000 mwilini: baada ya saa 17 na nusu bado anazo 500, baada ya saa 35 anazo 250, na baada ya siku mbili na ushei bado ziko 125. Ndiyo maana dalili zinaweza kumwandama hadi saa 72. Sisi tunalala tukaamka yamekwisha, yeye anaamka nayo, anashinda nayo, na analala nayo tena.

Paka nao hudhuriwa na theobromini, na Mji wa Kale una paka kila baraza. Lakini ni nadra kusikia paka amekula chokoleti, kwa kuwa ulimi wa paka hauonji utamu. Kinasaba cha kuuonja kimeharibika kwake. Mbwa anauonja, na tena hula kwa pupa, hamalizi kutafuna kimoja kabla ya kushika cha pili, na karatasi huimeza pamoja na kilichomo.

Hesabu yenyewe

Kiasi cha sumu hufuata kiasi cha kakao. Chokoleti nyeupe imetengenezwa kwa mafuta ya kakao, sukari na maziwa, na karibu haina theobromini. Shida yake ni mafuta, na nitayarudia. Chokoleti ya maziwa ina takriban miligramu 2.3 za theobromini na kafeini kwa pamoja katika kila gramu moja. Nyeusi ya kawaida ina kama 5 na nusu, na ile iliyoandikwa asilimia 70 kwenda juu hufika kama 8.8. Chokoleti chungu ya kupikia isiyo na sukari hufika 15. Na unga wa kakao, ule wa kopo unaotumiwa kwenye keki, hufika 28, mara kumi na mbili ya chokoleti ya maziwa.

Nakaa kwenye unga huu kidogo kwa sababu Mombasa imejaa wapishi wa keki wa nyumbani. Keki za harusi, za Idd, za siku za kuzaliwa, nyingi hupikwa jikoni kwa mtu na kupelekwa na bodaboda. Kopo la kakao hukaa kabati la chini, halihitaji friji, na harufu yake humvuta mbwa kama inavyotuvuta sisi. Watu huficha chokoleti ya mtoto juu ya friji wakaliacha kopo mlangoni mwa stoo, na kwa mbwa kopo ndilo la kuogopwa zaidi. Chokoleti ya kunywa si kali hivyo kwa kuwa sehemu kubwa ni sukari. Soma kopo: ikiwa kakao ni robo, hesabu robo ya ile 28, yaani 7 kwa kila gramu.

Ukishapata jumla ya miligramu, igawanye kwa kilo za mbwa. Ikifika kama 20 kwa kila kilo, tarajia kutapika, kuhara, kiu na kutotulia. Kwenye 40 hadi 50, moyo huanza kuathirika. Ikivuka 60, degedege huja. Kuanzia 100 hadi 200, mbwa wengi hufa.

Tuchukue mbwa wa uani wa kilo 20 aliyekula chokoleti ya maziwa ya gramu 100. Ni miligramu 230, ukigawa kwa 20 unapata 11 na nusu. Huyu pengine atahara tu. Akila nyeusi ya asilimia 70 yenye uzito ule ule, ni 44 kwa kilo, na moyo tayari umeingia hatarini. Akila gramu 100 za unga wa kakao, ni 140, na hapo maisha yake yanahesabiwa kwa saa. Sasa weka mbwa mdogo wa kilo 4, wale wa manyoya wanaofugwa ndani ya nyumba za ghorofa Nyali na Kizingo. Ile ile ya maziwa ya gramu 100 inampa 57 kwa kilo. Kijiko kimoja cha mezani cha unga wa kakao, gramu 5 tu, kinampa 35. Na keki iliyotiwa gramu 75 za kakao ikakatwa vipande kumi, kipande kimoja kinampa 53, wakati yule mkubwa kinampa chini ya 11.

Kumpima mbwa si kazi. Panda mizani wewe ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa. Akiwa mzito wa kubebwa, mwenye duka la nafaka mwenye mizani ya magunia hatakunyima dakika mbili. Ila mpime leo, usingoje siku ya mkasa. Wakiwa mbwa wawili na hujui nani amekula nini, hesabu kana kwamba kila mmoja amekula vyote.

Hesabu hii pia inaokoa pesa, na sioni aibu kulisema hilo, kwa kuwa matibabu ya usiku ni ghali na watu wengi huogopa kupiga simu kwa sababu ya gharama. Mbwa mkubwa aliyeokota kipande kimoja cha chokoleti ya maziwa hahitaji safari ya usiku. Lakini takwimu hizi ni za wastani. Mbwa mzee, mwenye mimba au mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kuumia chini ya viwango hivyo. Ikikaribia 20, au usipojua kiasi alichokula, piga simu.

Kimya kinachodanganya

Jambo lililonidanganya mimi ni utulivu wa Simba. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, na kwa chokoleti huo ndio mwenendo wenyewe. Mara nyingi dalili huonekana baina ya saa 6 na 12 baada ya kula, ingawa kutapika na kutotulia vinaweza kuanza baada ya saa mbili. Chokoleti huyeyuka na kushikana tumboni kama donge, ikawa inaachia sumu taratibu. Mwenye mbwa humwona mzima saa nne usiku, akalala, akaamka alfajiri na kumkuta anatetemeka. Muda mzuri wa kumsaidia umepita wakati ule alipokuwa ametulia.

Dalili za kwanza ni kiu kubwa, tumbo kujaa, kutapika, kuhara, na kuzungukazunguka asikubali kulala. Kisha hukojoa mara kwa mara, anahema, anayumba, anashtuka kwa kelele ndogo. Weka kiganja kifuani upande wa kushoto, nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, uhesabu mapigo kwa sekunde 15 na uzidishe kwa nne. Mbwa mkubwa aliyepumzika huwa kati ya 60 na 100, na mdogo anaweza kufika 140. Ukipata 180 kwa mbwa aliyelala, usingoje dalili nyingine. Baada ya hapo ni mitetemo ya misuli, degedege, na moyo kupiga ovyo.

Na kwetu huku kuna joto. Misuli inayotetemeka bila kukoma huzalisha joto, na mbwa hana jasho la kutosha kama letu. Hupoa kwa kuhema, maji yakikauka ulimini na kooni. Katika hewa ya Mombasa iliyojaa unyevu, hasa Februari na Machi, ukaukaji huo ni mgumu. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39, na likikaribia 41 viungo vya ndani huanza kuumia. Kwa hiyo mbwa wa chokoleti awekwe penye upepo, chini ya feni, kwenye sakafu ya baridi, na akianza kupata joto alowanishwe kwa maji ya kawaida ya mfereji tumboni na miguuni. Asifungwe bandani kwenye mabati.

Maziwa, chumvi, makaa

Nianze na maziwa, maana nilimpa kwa mkono wangu. Imani kwamba maziwa hukata sumu imeenea pwani nzima na bara pia, na wanaotuambia hivyo hutuambia kwa mapenzi. Lakini maziwa hayaifungi theobromini wala hayaivunji. Yanaongeza mafuta kwenye tumbo ambalo tayari limejaa mafuta ya chokoleti, mbwa wengi wazima huharishwa nayo, na baya kuliko yote, yanampa mwenye mbwa matumaini kwamba ameshatibu. Dakika zangu arobaini zilipotelea hapo.

Maji ya chumvi ni mabaya zaidi. Chumvi nyingi huingia kwenye damu, huvuta maji kutoka kwenye seli za ubongo, na inaweza yenyewe kuleta degedege na kifo. Mbwa akatapika au asitapike, umemwongezea sumu ya pili. Kumtia vidole kooni humchana koo, nawe atakung'ata. Mafuta ya kupikia yanaweza kuingia mapafuni.

Makaa yanahitaji maelezo. Ni kweli kwamba madaktari hutumia makaa kwa sumu hii, na pengine hapo ndipo wengine walipopata fikira ya kutwanga makaa ya jikoni. Ya daktari yametengenezwa kiwandani kwa mvuke na joto kali hadi kila punje ikawa na vitundu vingi mno vya kunasia kemikali. Makaa ya jikoni hayana vitundu hivyo kwa kiasi cha kufaa, na kumlazimisha mbwa anayetetemeka kumeza unga mweusi ni kumpeleka kwenye homa ya mapafu.

Peroksaidi ya haidrojeni ya asilimia 3 inayouzwa kwenye maduka ya dawa ndiyo pekee ambayo baadhi ya madaktari humwelekeza mwenye mbwa atumie nyumbani kumtapisha, kwa kipimo wanachokitoa wao kulingana na kilo, na kwa mbwa aliye macho, anayesimama vizuri, ambaye hajaanza dalili. Huchoma tumbo na koo ikizidi. Mbwa wa pua fupi hawafai kutapishwa nyumbani kabisa, kwa kuwa njia yao ya hewa ni nyembamba. Bila daktari kwenye simu, iache.

La kufanya lenyewe ni fupi. Ondoa kilichobaki. Okota karatasi zote, hata zilizopasuka, kwa kuwa ndizo zenye asilimia ya kakao na gramu, na ukiona zimepungua ujue nyingine amezimeza. Andika saa. Mpime kama hujui kilo zake. Mpigie daktari wa mifugo, mwambie hayo manne, ufuate asemalo. Muuzaji wa agroveti anaweza kuwa mtu mwema na mzoefu wa dawa za minyoo, lakini daktari ni yule aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na kazi hii ni yake.

Muda wa kutapishwa ni mzuri zaidi ndani ya saa mbili za kwanza, ingawa donge la chokoleti hukaa tumboni kiasi kwamba daktari anaweza kujaribu hata baadaye. Ukiwa Likoni na daktari wako yuko kisiwani, weka foleni ya kivuko ndani ya hesabu yako na uondoke mapema. Sisi tuko Tudor na daktari aliyekubali kutupokea yuko ng'ambo ya daraja la Nyali. Tuktuk ya kwanza ilikataa. Ya pili dereva alisita, tukatandika gunia kitini, nikamwonyesha Simba amefungwa mdomo kwa kitambaa kilicholegea, akakubali. Kitambaa hicho nilipaswa kukiacha: mbwa anayeweza kutapika hafungwi mdomo, matapishi yatamrudia mapafuni. Daktari alikifungua kabla hata ya kutusalimu.

Kuna jingine linalochelewesha watu huku kwetu, nalo ni najisi. Wengi wa pwani tunafuata madhehebu ya Shafi, ambayo mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na nimeona watu wema wakisimama mbali na mbwa anayekufa kwa kuogopa nguo za swala. Vaa glavu, au mifuko ya plastiki mikononi, tandika gunia, uoge ukirudi. Katika hadithi sahihi yumo mtu aliyemkuta mbwa analamba udongo kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake na kumnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Masahaba walipouliza kama kuna ujira kwa wanyama, Mtume alijibu kwamba kila chenye ini bichi kina ujira.

Anachofanya daktari

Theobromini haina dawa ya kuibatilisha. Daktari anachofanya ni kuitoa, kuifunga, na kumlinda mbwa hadi ini lake limalize kazi. Kwa kutapisha hutumia sindano ya apomofini, na mbwa hutapika ndani ya dakika chache. Kisha hutoa yale makaa ya tiba, mara nyingi zaidi ya mara moja, kwa sababu theobromini iliyokwisha kupita kwenye ini hurudi tena utumboni kupitia nyongo na kufyonzwa upya.

Mkojo nao una siri yake. Theobromini iliyochujwa na figo ikikaa kwenye kibofu hupenya ukuta wa kibofu na kurudi kwenye damu. Kwa hiyo daktari huweka dripu ili mbwa akojoe sana, na ama humwekea mpira wa mkojo au husema atolewe nje kila baada ya saa chache. Mitetemo na degedege hutulizwa kwa dawa kama diazepamu, na moyo unaokwenda mbio hupewa dawa za kuupunguza. Mwambie daktari dawa zozote ambazo mbwa anatumia. Eritromaisini na zile za jamii ya kotisoni hupunguza kasi ya theobromini kuondoka, na mbwa wengi wenye vidonda au muwasho huwa wamepewa moja ya hizo.

Mbwa akipona sumu, bado kuna mafuta. Siku moja hadi tatu baadaye kongosho linaweza kuvimba, hasa kwa mbwa mdogo au mnene, naye akaanza kutapika upya, tumbo likauma, akakataa chakula. Hili linaweza kuja hata kwa chokoleti nyeupe. Mlishe wali mtupu na kuku asiye na ngozi wala mafuta, kidogo kidogo, na akitapika tena mrudishe kwa daktari.

Usipitie kakao peke yake unaposoma karatasi. Chokoleti isiyo na sukari huweza kuwa na zailitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, ambayo jina lake kwenye pakiti huanza kwa herufi x. Kwa mbwa hiyo hushusha sukari ya damu ndani ya nusu saa hadi saa moja, na ikizidi huua ini. Miligramu 100 tu kwa kilo zinatosha kuanzisha balaa. Zabibu kavu, zile tunazotia kwenye tambi za Idd na keki, huharibu figo za mbwa. Mwaka 2021 wataalamu wa sumu za wanyama wa Marekani walieleza kwamba chanzo huenda ni asidi ya tatariki, na asidi hiyo hiyo imejaa kwenye ukwaju. Kwa hiyo makapi ya juisi ya ukwaju yasimwagwe bandani. Makadamia, ambayo Kenya ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani, humlegeza mbwa miguu ya nyuma kwa siku moja au mbili, na huuzwa ikiwa imepakwa chokoleti, mambo mawili kwa wakati mmoja. Na machicha ya kahawa yana kafeini. Kikombe kimoja cha kahawa chungu barazani si kitu kwetu, lakini machicha ya dele zima kwenye jaa lililo wazi ni kitu kingine.

Mtu wa kuambiwa haya kwanza ni bawabu, au dada wa kazi, au yeyote anayemmwagia mbwa masalio ya chakula jioni. Mara nyingi mwenye nyumba anajua na anayelisha hajui. Kwetu ni Mzee wa lango, na nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba kila Idd huwa anampa Simba keki ya watoto iliyobaki, kwa kuwa anaipenda.

Simba alikuwa na kilo 17. Alikula nyeusi ya asilimia 70, gramu 100 nzima, na nusu ya ile ya maziwa ya gramu 100: miligramu 995, yaani 58 kwa kilo. Alitapika kwa sindano karibu saa sita usiku, donge la kahawia lenye maziwa yangu na karatasi ya dhahabu, na daktari akasema tumewahi ingawa kwa nafasi ndogo. Saa nane mapigo yake yalikuwa 170. Alilala huko na dripu, na Ijumaa alasiri tuliruhusiwa kumchukua kwa sharti kwamba nimtoe akojoe kila baada ya saa tatu hadi Jumamosi usiku. Saa tisa za usiku tulikuwa tunazunguka ua, yeye akiyumba kidogo, mimi na tochi ya simu, tukingojea mkojo. Shemeji akatoka na kikombe cha chai akakaa kwenye ngazi, akaniuliza kwa sauti ya chini sanduku alifungie wapi.

Kwenye fremu ya mlango wa jikoni sasa kuna maandishi ya penseli: Simba, kilo 17, na nambari ya daktari. Kopo la kakao liko kabati la juu. Mwezi uliopita tulimpima tena. Amefika 18, nikafuta ile 7 nikaandika 8.